Ndoo Nane za Sakafu

Haya, wajukuu, tegueni hiki kabla uji haujapoa. Ninaye mgeni sebuleni. Amelala tangu alipofika, hana mdomo wala tumbo, na kila siku anataka ndoo nane za maji. Ukimnyima hapigi kelele. Anangoja wageni wengine waje, ndipo akuaibishe.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mnanipa Masasi? Siutaki, una mlevi mmoja namjua. Mnanipa Mtwara? Haya, Mtwara nimeupokea, nimekula samaki, nimerudi. Mgeni huyo ni sakafu ya saruji.

Wiki jana niliwaacha pabaya. Upepo ulikuwa umebeba bati zangu nne ukazitua shambani kwa katekista, naye akasema hiyo ni sadaka. Binti yangu Loyce alikuwa amerudi nyumbani Mnyambe kutoka Masasi na kigunia kimoja mkononi, kwa sababu mume wake, Gasper, aliuza godoro huku Loyce amelilalia. Na pale mlangoni pangu alikuwa amesimama kijana wa shati jeupe na suruali nyeupe, ameshika daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama unauza sabuni, tunayo. Kama unahubiri, tumeokoka jana."

"Naitwa Nickson. Natafuta ghala la korosho."

Ndiyo kwanza watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho. Zamani ulipeleka gunia lako kwa ushirika, basi. Sasa wanunuzi walikuwa wanapanda Newala kama nzige, kila mmoja na mizani yake. Huyu Nickson alitumwa na mnunuzi wa mjini.

Akachungulia sebule yangu. Kubwa, ina madirisha, bati zimerudishwa zote isipokuwa ile moja ya katekista.

"Lakini bibi, hapa chini ni udongo."

"Ulitaka chini pawe na nini, mawingu?"

Akacheka. Akanieleza kwamba korosho ikilala juu ya udongo inavuta unyevu, na mchwa wanapanda. Alitaka sakafu ya saruji, ngumu, isiyotoa vumbi.

"Mzee Alfredi naye ana sebule kubwa," akasema. "Nitarudi Jumamosi ya tatu kuanzia leo. Sakafu itakayonipendeza, hapo ndipo ghala. Na karani wa mizani achaguliwe na mwenye ghala mwenyewe, ili kilo zikipungua nijue nani wa kumshika shati."

Loyce akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Darasa la saba alikuwa wa kwanza kwa hesabu, wavulana walikuwa wanamletea embe ili wamwibie majibu.

"Mama," akaniambia Nickson alipoondoka, "nikikamata mizani hiyo, Masasi sirudi."

Jioni ileile kukaja ujumbe kutoka kwa Gasper. Atakuja kumchukua mke wake. Siku gani? Jumamosi ya tatu kuanzia leo.

Sasa mnaelewa kwa nini sakafu ilinikaa rohoni.

*

Nikamwita fundi Kulwa. Huyu ni Msukuma wa Magu. Aliletwa Newala na mradi wa kujenga madarasa, mradi ukaisha, yeye akabaki kama mkia wa mjusi.

Kazi anaijua. Alishindilia udongo mpaka ukalia kama ngoma. Akapanga mawe, akamwaga zege. Kokoto ilitoka Masasi, maana huku kwetu juu ni mchanga mtupu, ukitafuta jiwe utachimba mpaka ukutane na bibi yako anakuuliza umefuata nini.

Zege liliposhika akaweka sakafu ya juu: mchanga ndoo tatu, saruji ndoo moja, maji kidogo. Akavuta rula, akaweka pima maji, akasugua kwa mwiko wa chuma. Mwisho akapiga niru, ile saruji laini ya kumalizia, ameichanganya na rangi nyekundu. Ikawa laini kama upara wa padri.

"Sasa maji, bibi," akasema.

"Una kiu?"

"Sakafu ndiyo ina kiu. Kesho asubuhi izungushie matuta ya mchanga, ujaze maji kama bwawa. Ndoo nane kwa siku, siku saba. Isikauke hata kidogo."

"Nimeijenga ili ikauke!"

"Watu wanadhani saruji inakauka ndipo inakuwa ngumu. Inakunywa, bibi, ndipo inakuwa ngumu. Ukiinyima maji inabaki unga uliojipaka rangi."

Nikamtazama kama amelewa.

"Fundi, kwenu ni wapi tena?"

"Magu. Kando ya ziwa."

"Ndiyo maana."

Ninyi mnaosoma gazeti hili mmekaa karibu na bomba, nisikilizeni. Mnyambe bomba lipo, ila linakohoa tu. Maji yenyewe yako bondeni. Unashuka alfajiri, unapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali, na ukijikwaa unalia zaidi ya mjane. Huku mtu mzima anaoga kwa kopo moja. Miguu ikioga leo, mgongo unasubiri zamu yake.

Mtu kama huyo umwambie amwage ndoo nane sebuleni!

Lakini nilimtazama Loyce. Nikatoa mbuzi wangu wawili kwa mtu wa pikapu ya maji, akanijazia mapipa sita. Kitanda changu kikatoka nje, mapipa yakaingia chumbani.

Kulwa alikuwa na kazi Masasi. Akapanda gari, akanipungia mkono. "Narudi Ijumaa ya wiki ijayo. Na bibi, maji hayo usimpe mtu!"

"Simpi mtu, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoanza kusema uongo, ila wakati ule sikujua.

*

Siku ya kwanza nilijaza bwawa langu. Kijiji kizima kikaja kutazama. Paskalia, jirani yangu, alisimama dirishani mikono kiunoni.

"Mama Dastani anaogesha nyumba," akatangaza, "na wajukuu zake wana magaga!"

"Magaga hayazai korosho," nikamjibu.

Lakini alichungulia tena, akameza mate. Akaondoka, akarudi na ndoo.

Sasa hapa lazima niwaambie jambo letu. Huku juu, mtu akisimama mlangoni pako na chombo kitupu, hanyimwi maji. Chumvi utamnyima. Moto utamnyima. Binti yako utamnyima. Maji, hapana. Ukimnyima, siku ya msiba wako watu watakuja na midomo tu, mikono wataiacha nyumbani. Nani atakuchimbia?

Mimi nina miaka yangu sitini na kitu. Siku ya kuchimbiwa siichezei.

Paskalia akachota. Nyuma yake akaja Mzee Fakihi, mwalimu wa madrasa, akachota ya kufulia kanzu. Ijumaa ile aliswalisha na kanzu ya rangi ya waridi, kwa sababu niru yangu ilikuwa bado inatoa wekundu. Watu walishindwa kufuata sala kwa kucheka.

Na jioni akaja Pili, mke wa Alfredi, yule mshindani wangu. Sisi tunamwita Mama Vitalis. Alisimama kizingitini na ndoo mbili, macho chini.

"Hodi, Mama Dastani. Naomba maji."

"Mama Vitalis, leo hapana. Fundi amekataza."

Hakuondoka. Alisimama tu na vile vyombo vitupu, na mimi nikaanza kuona kaburi langu halina mchimbaji.

"Kuna mgonjwa nyumbani," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Mgonjwa! Ningefanyaje? Nikamchotea mwenyewe.

Akarudi mara ya pili jioni hiyohiyo, na mara ya tatu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kesho kutwa vilevile. Ndoo sita kila jioni. Kila nikiongeza maji kutoka kwenye pipa, mgonjwa wa Alfredi anayamaliza.

"Mgonjwa gani huyo, Mama?" Loyce akauliza. "Anaharisha bahari?"

"Usimcheke mgonjwa."

Siku ya nne, mapipa yote sita yalikuwa yanalia nikiyagonga. Nikasema moyoni, maji nimetoa, ila kumwona mgonjwa sijaenda. Aibu. Nikachemsha mihogo, nikajitanda kanga safi, nikaenda kwa Alfredi.

"Hodi! Nimekuja kumpa pole mgonjwa."

Pili alikuwa uani, aliponiona akaingia jikoni mbiombio. Nikasukuma mlango wa sebule.

Mgonjwa alikuwa hapo, amelala chali, ukuta hadi ukuta. Amezungushiwa matuta ya mchanga, anameremeta, amelewa maji yangu. Sakafu mpya! Alikuwa hajambo kabisa.

Alfredi akatokea nyuma yangu, anachokonoa meno. Alikuwa katibu wa kila kitu huyu, hata kamati ya choo cha shule.

"Mama Dastani! Umeleta mihogo? Karibu."

"Alfredi, hii ndiyo iliyokuwa inaumwa?"

"Kila kilicholala ni mgonjwa."

"Mwizi wewe!"

"Mwizi gani anayemtuma mke wake apige hodi? Uliombwa, ukatoa. Sasa unataka niyakamue niyarudishe?"

Maji uliyotoa kwa mikono yako hayadaiwi. Hata hilo ni la kwetu, na Alfredi alilijua vizuri kuliko mimi.

Nikaondoka. Na mihogo yangu niliondoka nayo.

*

Loyce nilimkuta amechuchumaa sebuleni kwetu. Bwawa lilikuwa limebaki vidimbwi viwili. Pembeni wekundu ulikuwa umeanza kupauka.

Nikamweleza. Nilitegemea atacheka, maana ni mcheshi. Hakucheka.

"Mama," akasema, "kazi yangu umeigawa kwa ndoo."

Nikachuchumaa kando yake.

"Kule Masasi nilikuwa nalala sakafuni," akasema tena. "Baada ya godoro kwenda. Nilikuwa najiambia, Mama yupo, nitarudi kwa Mama."

Alfajiri tukashuka bondeni wote wawili. Mimi magoti yangu yanalia kama bawaba za kanisa. Tukapanda na ndoo mbili. Ndoo mbili kwa sakafu ile ni kumpa tembo kijiko cha uji. Siku ya sita tukashuka tena. Siku ya saba nikawa siwezi kusimama, akashuka Loyce peke yake.

Ijumaa Kulwa akarudi. Kabla hajafika, nilimwaga ndoo ya mwisho juu ya sakafu ili aikute imelowa. Ndiyo, nilifanya hivyo. Kuungama ni kuungama.

Akachuchumaa. Akapitisha kiganja. Akakitazama.

"Bibi, sakafu hii imekunywa lini mara ya mwisho?"

"Leo hii! Huoni?"

"Na jana?"

"Ilionja."

"Na juzi?"

Nikatazama paa. Bati moja ilikuwa imekaa upande.

"Nilisema usimpe mtu," akasema taratibu.

"Fundi, kwenu mtu akiomba samaki mnamnyima?"

Akafikiri. Mtu mwema yule. "Hapana."

"Basi."

Akasema dawa ni kuikwangua ile ya juu yote na kuiweka upya, siku saba nyingine za maji. Jumamosi ilikuwa kesho. Akaenda kulala kwa rafiki yake, amekasirika kimyakimya, kama mtu aliyemwona mtoto wake kavaa ovyo.

Nami nikapata akili. Akili ya shetani, lakini ilikuja imevaa vizuri.

Asubuhi ya Jumamosi niliyeyusha mishumaa sita, nikachanganya na mafuta ya taa, ile dawa ya kung'arishia sakafu kila mama anaijua. Mishumaa ilikuwa ya kanisani, nitazungumza na Mungu mwenyewe. Nikaipaka sakafu, nikasugua kwa gunia mpaka nikaona kitovu changu. Wajukuu, iling'aa! Vumbi lote lilikuwa limelala chini ya nta, limefunga mdomo.

"Mama," Loyce akasema mlangoni, "hii ni sakafu au ni kikaango?"

"Nyamaza, mgeni anakuja."

*

Wa kwanza kufika alikuwa Gasper. Baiskeli, kofia, na harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, ikitangulia mbele yake kama king'ora. Mkwe hamsogelei mama mkwe, akasimama mbali, uso ameuelekeza kwenye mlango wa choo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimemfuata mwenzangu. Nimenunua godoro jipya."

"Liko wapi?"

"Nimeliacha Masasi. Ni zito."

Loyce akakaa kwenye kinu, hakumtazama.

Kisha akaja Nickson, shati jeupe, suruali nyeupe, kalamu sikioni. Nyuma yake kijiji, na Alfredi na Pili wake, na kijana mmoja aliyefunga tai. Kijana yule ni Cecil, mtoto wa dada yake Alfredi. Mpwa. Sikuhitaji kuambiwa tai ile ilikuwa inakwenda wapi.

Nickson akasimama kizingitini.

"Ooh! Bibi, hii ni kazi. Inang'aa kama benki!"

Loyce akainuka kwenye kinu.

Nickson akaingia hatua ya kwanza. Akaingia ya pili.

Ya tatu hakuimaliza. Mguu mmoja ulikwenda Newala, mwingine ukaenda Masasi, na yeye akaketi katikati, kwa kishindo, daftari likaruka likamwangukia Mzee Fakihi.

Hakuna aliyecheka. Mpaka alipoinuka akageuka kuokota kalamu. Suruali ile nyeupe ilikuwa na makalio mekundu, yote mawili, kama nyani.

Hapo hata Gasper alicheka.

Nickson akajipangusa, akatazama kiganja chake. Wekundu. Akatoa msumari mfukoni, akakwaruza sakafu yangu mara moja. Ukachimba mfereji kama panya. Unga ukatoka. Akaupuliza, ukaruka.

"Bibi," akasema, na alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma, "hii itapaka korosho zote rangi."

"Mwanangu, ilikuwa na kiu tu."

Alikuwa ameshaandika.

Tukaenda wote kwa Alfredi, kama msafara wa maiti. Sakafu yake haikuwa na rangi wala nta. Kijivu, ya kawaida, imepigwa niru na fundi wa kuokoteza. Nickson akakwaruza kwa msumari. Hakuna alama. Akakwaruza tena kwa nguvu. Msumari ukapinda.

Fundi Kulwa, aliyekuwa amefuata msafara, akapiga magoti, akagonga kwa kidole kona hadi kona. Nilimwona anatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesalimia maiti ya mtu mkubwa.

"Hii imekunywa," akasema.

"Ghala ni hapa," Nickson akasema. "Hongera, mzee."

Alfredi akatanua kifua. Cecil akanyoosha tai.

Nje, Gasper akagonga kengele ya baiskeli. "Loyce. Jua linakwenda. Panda."

Loyce alikuwa ameegemea nguzo. Alinitazama mara moja, macho makavu, akaanza kutembea kuelekea kwenye ile baiskeli. Nilitaka kumshika kanga. Mkono haukuinuka. Mkono huohuo uliokuwa mwepesi kuchota.

"Bado jina la karani wa mizani," Nickson akasema, kalamu juu ya daftari. "Mwenye ghala, unamweka nani?"

"Hilo tutazungumza mimi na wewe, pembeni," Alfredi akasema, akimtupia Cecil jicho. "Ni mambo ya ukoo."

"Nataka jina sasa, mzee, mbele ya watu. Mwenye ghala anamweka nani?"

Alfredi akakohoa. Hakutaka kumtaja mpwa wake mbele ya kijiji kizima kilichojua maji ya sakafu ile yalitoka wapi. Akakohoa tena. Kijiji kikasubiri. Loyce alikuwa ameshaweka mkono kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani?"

Pili akatoka nyuma ya watu. Alikuwa na ile ndoo yake ya kuchotea kwangu mkononi. Akaiweka chini katikati ya sakafu, ikalia kwa ukali, saruji ngumu kabisa.

"Wewe Mama Vitalis, rudi jikoni," Alfredi akasema.

Pili hakumtazama. Alimtazama Nickson.

"Kiwanja hiki alinipa mama yangu," akasema. "Huyu mzee alikuja hapa kuoa, na begi moja. Mwenye ghala ni mimi. Andika Loyce."